Yaa, Yodi, Yoti, Hota

Kijiji cha Chapa Kazi,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwa Baba yangu, Mtendeni, Tabora.

Asalaam aleikum, Baba. Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani na kofia unayoidarizi mapajani, kifua kimetulia na kile kikohozi cha vumbi la kiangazi kimekuacha. Mama naye mgongo unaendeleaje? Mwambie dawa aliyopewa hospitali ya Kitete aimalize mwenyewe, asiigawe kwa majirani kama kawaida yake. Mimi mwili sijambo, chakula nakula, usingizi napata. Roho ndiyo inayochemka, na sababu unaijua.

Barua yako nimeipata juzi Ijumaa. Ililetwa na katekista wa hapa kijijini, aliyekuwa amekwenda stesheni kwa baiskeli. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara ya tatu nikaiweka chini ya mto kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Unasema mtu wa ofisini anayeswali na wewe Ijumaa amekuambia kwamba binti yako anafundisha ndani ya kanisa na anachochea watu waikatae serikali. Unasema umesikia katibu kata ameniandikia barua ya kuomba radhi, iko tayari, imebaki sahihi yangu tu. Unataka niitie sahihi, nifunge mizigo, nipande treni ya kwanza nirudi nyumbani. Umeandika hivi: "Ni herufi chache tu, mwanangu. Ziandike yaishe." Na chini kabisa umeandika kwamba nikikataa nisitegemee radhi zako.

Baba, naanza na jibu ili usihangaike kulitafuta. Sitatia sahihi. Sasa nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana huyo aliyekupa habari ameishika hadithi mkiani.

Ni kweli nafundisha ndani ya kanisa. Hapa hakuna shule. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Kaliua, ukishuka stesheni unatembea saa tatu, na watu wote wamehamishiwa hapa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika porini. Jengo pekee lenye paa na mabenchi ni kigango cha Wakatoliki, kanisa dogo la udongo. Wametupa kwa moyo mweupe siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi. Hakuna aliyeniambia nipige goti. Saa ya swala ikifika naenda zangu nyumbani, nikirudi nawakuta wameningoja, na ubao wameshaufuta.

Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengi wao akina mama. Yumo katekista mwenyewe, anayesoma polepole lakini kuandika hawezi. Yumo Mzee Maganga, mzee sana, aliyewahi kusoma utotoni hapo Tabora katika shule ya Mjerumani. Huyo haji kujifunza, anakuja kunisahihisha. Na yumo mjane mmoja anaitwa Mama Kalunde, Mnyamwezi hasa, mkulima wa kuogopwa, mwenye ulimi ambao hata mbwa wanaukwepa. Kila siku yeye ndiye wa kwanza kufika, na anakaa benchi la mbele.

Sasa Baba, yote haya yalianza na herufi moja, tena ile ndogo kuliko zote. Nilichora kijiti ubaoni, nikakitia nukta juu, nikawaambia hii ni "i". Nilikuwa na furaha siku hiyo, nikajisahau, nikasema kwamba kwenye chuo cha Kurani cha baba yangu herufi hii ina ndugu yake anaitwa yaa. Mzee Maganga akagonga fimbo chini.

"Yoti!" akasema. "Mwalimu, usitupotoshe. Mjerumani alituambia hiyo ni yoti. Ukikosea, viboko."

Katekista akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hiyo ni yodi. Tunaisikia kanisani. Ni kitu kidogo kabisa, ila hakitupwi."

Weee, ukawa ugomvi! Wakristo wakashika yodi. Wazee wakashika yoti. Waislamu wachache waliomo, wale ambao babu zao waliachwa njiani na misafara, wakaniunga mkono na yaa yetu. Siku mbili nzima watu walikuwa wakikutana kisimani wanaulizana wewe ni wa yoti au wa yodi, kabla hata ya kujuliana hali. Mwisho akina mama wakasema basi, tumngoje padri.

Padri huyo ni mzee wa Kihispania, anakuja mara moja kwa mwezi na pikipiki inayosikika tangu iko mbali. Walimvuta mpaka ubaoni hata kabla hajanawa uso. Akakitazama kile kijiti, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Kwetu sisi," akasema, "huyo tukimtia mkia tunamwita hota."

La nne hilo! Nikadhani wataanza upya. Lakini yule padri akaketi, akaomba maji, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kupinda, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Hayo majina yote ni ya ukoo mmoja. Wagiriki wanaiita herufi hiyo iota. Kutoka kwa Wagiriki jina likaenda Roma, na kutoka Roma likashuka Hispania likawa hota, likapanda Ujerumani likawa yoti, yote mawili ya kijiti chenye mkia. Waingereza nao wakalikatakata mpaka likawa neno la kitu kidogo tu, kama sisi tunavyosema chembe. Ila Wagiriki wenyewe hawakulibuni. Walilipokea kwa wafanyabiashara wa pwani ya Shamu waliopita huko na bidhaa zao, miaka mingi mno iliyopita. Hao ndio waliosema yodi, na yaa ya Waarabu imetoka katika nyumba hiyo hiyo.

Nikamuuliza, kwa hao wafanyabiashara jina hilo lilikuwa na maana gani?

Akainua kiganja chake. "Mkono," akasema. Zamani walikuwa wakiichora kama mkono na vidole vyake. Kila waliporithishana ikazidi kupungua, mpaka kikabaki kijiti. Wagiriki walichukua jina, maana wakaiacha. Kwao iota ni herufi tu, haina mkono ndani yake.

Baba, nilikukumbuka hapo mpaka nikashika benchi. Si wewe uliyenifundisha kwamba mkono kwa Kiarabu ni yad? Miaka yote hiyo nilikuwa ninayo yaa mfuko huu na yad mfuko ule, sikuwahi kuziweka pamoja.

Na nikawaza jambo jingine ambalo ulikuwa ukilisema kwa hasira barazani, kwamba wapo wasomi wetu wanaokidharau Kiswahili, wanasema ni lugha ya kuokoteza, haiwezi kubeba elimu. Haya, Wagiriki wanaosifiwa dunia nzima kwa elimu waliokota mpaka majina ya herufi zao, tena bila kujua yana maana gani, na hakuna anayewaambia wanyamaze. Sisi watu wa Tabora ndio tuone haya? Mji ambao nusu ya maneno yake yalifika kichwani mwa wapagazi, mengine yakitoka pwani na mengine Ujiji, na babu yako mwenyewe akiwa ameyaleta mengine kutoka Manyema? Toka siku hiyo sioni haya tena. Anayetaka kunicheka kwa Kiswahili changu aanze na Wagiriki.

Wakati sisi tunashangaa, Mama Kalunde alikuwa anaangalia dole gumba lake.

"Kumbe tangu mwanzo ilikuwa mkono mzima," akasema. "Mbona mimi walinichukua kidole tu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba mwaka ule wa kuhamishwa aliletewa karatasi, akaambiwa abonyeze dole hapa, akabonyeza, akidhani ni ya mbegu za mahindi. Baadaye ndipo alipojua kwamba karatasi ilisema amekubali kuuacha mji wake, na mumewe amezikwa pale. Sasa yamebaki mahame, magugu yamefunika kaburi, na kwenda kupalilia ni mwendo wa kutwa nzima. Ndiyo sababu anakaa mbele, Baba. Hakuja kisomoni kwa sababu ya wimbo wa redioni wa kuhimiza kisomo.

Basi mwezi uliopita akaja katibu kata. Alikuja na karatasi na kibati cha wino. Kijiji kihame tena, safari hii kando ya barabara kuu, mbali na kisima tulichochimba kwa mikono yetu, na tumbaku bado iko shambani. Akawaita watu wapange mstari watie dole gumba. Mstari haukupangwa. Akina mama wakasema, "Tusome kwanza."

Katibu akacheka. "Haya, someni," akasema, akawapa, nadhani alitaka kuona kichekesho.

Walisoma, Baba. Lau ungewaona! Walianza jua likiwa bado upande wa kisima wakamaliza liko utosini. Mmoja akikwama mwenzake anapokea, mwingine anashika mstari kwa unyasi ili wasipotee. Mimi nilikaa nyuma na mdomo wangu nimeufumba kwa kiganja, maana niliogopa nikisaidia hata silabi moja itasemwa nimewasomea mimi. Wakafika kwenye neno "tumeomba". Karatasi ilisema wanakijiji tumeomba wenyewe kuhama. Wakalisoma mara mbili.

"Nani kaomba?" akauliza Mama Kalunde. Akamgeukia katibu. "Wewe mwanangu ni Mzaramo, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mtani wangu wewe. Babu zangu walikuwa wakishuka kwenu na pembe mabegani. Unajua mpagazi alikuwa anafanyaje asubuhi ya safari? Mzigo anaunyanyua kwanza. Anaupima, anaugeuza, akiona wamfaa ndiyo anaukubali, na hapo ni wake mpaka baharini. Wewe unataka nibebe nisichokipima? Mla nazi mkubwa!"

Akachovya kidole kwenye kile kibati, akampaka katibu wino puani. Kisha akakifunga kibati akakitia kwenye khanga. "Na hiki nimekitaifisha."

Kigango kizima kilipasuka kwa kicheko. Katibu naye ikabidi acheke. Unajua mwenyewe mtu akimkasirikia mtani wake atakavyosemwa, habari zingefika kwao Kisarawe kabla yake. Akajibu, "Nyie wabeba mizigo mna taabu kweli," akajipangusa pua kwa leso, akaikunja karatasi yake. Lakini alipokuwa anatoka, jicho alinitupia mimi. Mimi ni mtoto wa Mtendeni, sina utani naye. Yule bibi, katibu hakuweza kumgusa, kwa hiyo hasira yote ilibidi itafute pa kutua, ikatua kwangu.

Wiki iliyopita ndipo barua ya kuomba radhi ilipoletwa, imeshapigwa chapa, jina langu liko chini na mstari wa kutia sahihi juu yake. Huyo rafiki yako wa ofisini amekuambia imeandikwa nini? Nadhani hakukuambia. Inasema: "Mimi Mwalimu Mwajuma nakiri kwamba niliwachochea wanakijiji wasiojua kusoma wakatae maendeleo."

Wasiojua kusoma, Baba. Hilo ndilo linalonikaba. Kuitwa mchochezi ningevumilia, nimeitwa mengi tangu nilipokataa kuolewa na yule muuza baiskeli. Lakini nikitia sahihi pale, nitakuwa nimeandika kwa jina langu kwamba asubuhi ile haikuwapo. Kwamba wale wanawake hawakusoma chochote, nilisoma mimi. Na kesho yake karatasi ya kuhama itarudi na kibati kipya, na safari hii hakuna atakayewapa waisome, kwa sababu mwalimu wao mwenyewe ameshakiri kwamba hawajui.

Usidhani nimeigeuka serikali. Mimi ni mtoto wa Uhuru, nililia kwa furaha pamoja na wewe ilipopandishwa bendera, nimebeba mawe ya zahanati ya hapa kwa kichwa changu, na katika shamba la ujamaa jembe langu halijawahi kulala. Serikali ilisema tusome. Tumesoma. Sasa anatokea mtu mmoja anataka tusijue kusoma siku moja tu, siku ya karatasi yake. Siwezi!

Na wewe unaniambia ni herufi chache tu. Wewe, Baba! Unakumbuka siku niliposahau nukta mbili za chini ya yaa? Ubao ulikuwa umejaa, nilikuwa nimeandika tangu asubuhi, vidole vinaniuma. Mama akakuambia, "Mwache mtoto, ni nukta tu." Ukanipeleka kwenye mtungi, ukaniambia nioshe ubao wote nianze upya. Nililia kwa kwikwi. Ukasema, "Leo umeacha nukta, kesho utaacha nini?" Nilikuchukia siku hiyo mpaka magharibi. Leo nakwambia ulinifundisha sawasawa, na sikubali uje unifundishe vingine kwa sababu ya mtu wa ofisini.

Naogopa, sikufichi. Nikifukuzwa kazi sina pa kwenda ila kwako, na wewe umeniandikia waziwazi kwamba mlango una sharti. Kukosa kazi kunaniogopesha, lakini kukosa radhi zako kunaniogopesha zaidi. Pamoja na hayo, sahihi sitii.

Jana niliwaambia wanafunzi wangu ukweli wote, isipokuwa habari yako, hiyo nimeiweka moyoni. Nikawasomea ile barua. Nilipofika pale pa "wasiojua kusoma" Mzee Maganga alitukana kwa Kijerumani. Kisha Mama Kalunde akaniomba karatasi ile ile, akaigeuza upande wa nyuma, akaandika. Ilimchukua muda mrefu, jasho linamtoka, ulimi kautoa pembeni, hakutaka mtu amwelekeze. Akaandika: "Nimesoma. Sikuomba kuhama. Kalunde." Wengine wakafuata, kila mtu jina lake, mpaka nafasi ikaisha, wa mwisho wakaandika pembeni kwa kubanana. Kuna majina yamepinda, kuna mmoja amesahau herufi akairudishia juu. Dole gumba hakuna hata moja.

Kesho asubuhi naipeleka kata. Upande wa mbele wa karatasi, pale pa sahihi yangu, patabaki patupu. Katekista atanibeba kwa baiskeli, Mama Kalunde amesema anatembea na anaanza kabla yetu, na Mzee Maganga anataka kwenda ili awasahihishe wa ofisini kama watakosea. Yatakayotokea huko Mungu ndiye ajuaye. Wakinifukuza nitaendelea kufundisha mpaka wanitoe kwa nguvu. Wakitaka kunipeleka Tabora, watanipitisha mbele ya baraza yako na utaniona nimeinua kichwa.

Nisalimie sana Mama, umwambie sijakonda. Nisalimie Bibi, mama yako, mwambie khanga aliyonipa ndiyo ninayovaa nikienda mbele za watu, na kesho nitaivaa. Msalimie Shangazi wa vitumbua sokoni, na kaka yangu wa reli akirudi zamu, na mdogo wangu wa mwisho, yule kiherehere, mwambie asiache shule kwa sababu yoyote. Wasalimie wanafunzi wako wa chuoni, hata wale wavivu.

Limebaki moja, Baba. Huenda ukishamaliza kusoma haya bado ukaamua kuninyima radhi zako. Ni haki yako, siwezi kukunyang'anya. Lakini usimtume mtu wa ofisini aje kuniambia, na usimpe Mama maneno aniandikie kwa niaba yako. Andika mwenyewe, neno kwa neno, utie sahihi chini. Nitaisoma yote.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma.